Sahani za Damu Yangu

Damu iliyonidanganya ilikuwa yangu mwenyewe. Ingekuwa ya mtu mwingine ningemnunia miezi, maana hasira ninazo na wenzangu wa maabara wanazijua. Lakini mkosaji alikuwa mkono wangu wa kushoto, hapa kwenye kunjo la kiwiko, na siku hizi nikiuangalia nacheka peke yangu.

Nafanya kazi katika maabara ya hospitali moja mjini Isiolo. Nilitoka upande wa Meru nikiwa msichana mwenye vyeti vipya, nikidhani nitakaa miaka miwili halafu niombe uhamisho niende mahali penye mvua. Uhamisho wenyewe sikumbuki nilisahau lini kuuomba. Nimepanga nyumba Bulla Pesa, kwenye ploti ya milango kumi na maji ya zamu, na asubuhi nikitoka nasalimiwa kwa lugha nne kabla sijafika barabarani. Napapenda. Hata vumbi lake nimelizoea.

Kazi yangu ni kuotesha vijidudu. Nikimwambia mtu hivyo husogea nyuma kidogo, halafu huniuliza kama nimenawa mikono. Nimenawa. Mtu akiumwa koo, au kidonda kikikataa kupona, daktari anataka kujua ni bakteria gani anayesumbua. Mimi naletewa kijiti chenye pamba iliyopakwa pale panapouma, nami nakipaka juu ya sahani ndogo ya plastiki yenye chakula kilichoganda kama uji uliolala. Sahani inawekwa kwenye kabati la joto usiku kucha. Asubuhi nasoma kilichoota.

Kwa magonjwa ya koo, chakula hicho tunakichanganya na damu, na sahani hugeuka nyekundu ya kupendeza. Damu ina kazi mbili pale. Inawalisha bakteria wachaguzi, na inawafichua. Kuna bakteria mmoja wa koo ambaye tabia yake ni kuyeyusha seli nyekundu. Akiota kwenye sahani nzuri hujizungushia duara angavu, safi kabisa, hata ukiweka gazeti nyuma yake unasoma maandishi. Huyo ndiye tunayemtafuta kwa watoto. Akirudi kwenye koo la mtoto tena na tena bila kutibiwa, mwili wa mtoto huja ukachanganyikiwa, ukaanza kujishambulia wenyewe. Huanza na magoti. Halafu ugonjwa unaenda kwenye moyo, na moyo ukishaharibika haurudi ulivyokuwa.

Damu tunayotumia ni ya kondoo. Ilikuwa ikiletwa kutoka Nairobi kwenye sanduku la barafu, na mimi, mtu ninayepishana na kondoo kila siku nikienda kazini, sikuwahi kuona kichekesho kilichokuwa hapo. Niliipokea, nikaisaini, nikapika sahani zangu.

Kisha ikaacha kuja. Wiki ya kwanza tuliambiwa tusubiri. Wiki ya pili tukaambiwa tusubiri tena. Kwenye friji ya jirani, upande wa damu ya wagonjwa, kulikuwa na mifuko miwili ya damu ya watu waliojitolea, iliyopitisha muda wake na kungoja kutupwa. Niliiangalia kwa jicho la tamaa. Mkubwa wetu wa maabara akaniona.

Huyu mkubwa ni kijana wa Kiborana niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika darubini alipokuwa mwanafunzi. Alienda akasoma zaidi, akarudi akiwa bosi wangu. Ananiita mwalimu mpaka leo, na huniita hivyo hasa anapotaka kunikosoa.

"Mwalimu, hiyo usiguse," akasema. "Damu ya mtu hatutumii. Hatujui imebeba nini, na mikono ni yetu. Halafu hata ikiwa safi, iko na vita vyake ndani."

Nilimwambia nimesikia. Kweli nilikuwa nimesikia, lakini nusu tu. Ile nusu ya kwanza ilinikaa vizuri: mfuko wa damu unaweza kuwa na virusi vya ini au vya ukimwi, na mtu anayeimwaga kwenye sahani anaweza kujichoma au kujirushia. Nusu ya pili ilinipita. Nilichukulia kwamba tatizo la damu ya mtu ni kutomjua mtu mwenyewe. Basi, nikajiambia, kuna mtu mmoja ninayemjua. Nimepimwa kila kitu, ni mzima wa afya isipokuwa koo lililokuwa linanikwaruza wiki ile, na hilo nilikuwa nalimalizia na kapsuli. Mkubwa alipokwenda mkutanoni nilifunga mpira mkononi, nikajitoa damu, na nikapika sahani kumi na nane.

Zilikuwa nzuri! Nasema ukweli, sijawahi kupika sahani nzuri kama zile. Ziling'aa. Nilizipanga kwenye friji nikajisikia kama mwanamke aliyepata wageni ghafla na akawapikia kutoka jikoni mwake mwenyewe bila kwenda kukopa kwa jirani.

Kuna jambo moja ambalo sikulifanya. Tunaye bakteria wa akiba, tunayemjua kabisa, ambaye kazi yake ni kuonja. Kila tukipika sahani mpya tunampaka yeye kwanza. Akiota na kuweka duara lake, sahani ziko sawa. Akikataa, tunazitupa. Siku ile nilimwacha alale kwenye barafu yake. Nilikuwa na vijiti vya wagonjwa vinavyongoja, tena niliona ni kama kujitukana, kujaribu damu niliyoitoa mwilini mwangu.

Kati ya vijiti vilivyongoja, kimoja kilikuwa cha msichana wa miaka kama tisa. Nilimjua kwa sababu ya mama yake, anayeuza maziwa ya ngamia nje ya lango la hospitali. Mama huyo ni Mborana, mrefu, mtulivu, mwenye mitungi ya manjano iliyopigwa moshi ndani mpaka maziwa yakawa na harufu ya mti. Nilikuwa nanunua kwake karibu kila siku. Msichana alikuwa amepatwa na koo mara nyingi mwaka ule, na daktari wa watoto alitaka kujua kama ni yule mwenye kuyeyusha damu.

Nilipaka. Asubuhi nikasoma. Kulikuwa na vitu vidogo vidogo vya kawaida vya mdomoni, hakuna duara, hakuna cha kutisha. Nikaandika kwenye fomu kwamba hakuna bakteria wa ugonjwa aliyeota, nikasaini. Mama alipoichukua alinishukuru kwa mikono miwili. Msichana akarudishwa nyumbani na maji ya chumvi ya kusukutua.

Wiki iliyofuata mama alikuja dirishani pangu bila mitungi. Nilijua kuna jambo, kwa sababu sikuwahi kumwona bila mitungi.

"Salaam aleikum, daktari."

"Aleikum salaam, mama. Maziwa yako wapi leo?"

"Leo sijauza. Mtoto amelala, magoti inamuuma. Moja inavimba, kesho inahama kwa ingine. Nimemleta kwa daktari, anasema labda ni ile ya koo imeshuka. Lakini wewe ulipima, ukasema hakuna kitu."

"Ndiyo. Nilipima vizuri," nikamjibu, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa naitetea sahani.

Hakubishana. Aliendelea kunieleza kama mtu anayetafuta ushauri kwa ndugu. Daktari alikuwa amechukua kijiti kingine kooni, halafu akamdunga msichana sindano ya siku ile, na hiyo mama aliikubali. Lakini daktari alisema kuwa kama kweli ni huyo bakteria, msichana angehitaji sindano kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, mpaka awe mtu mzima, ili moyo wake usiguswe. Hapo mama alikataa.

"Kila mwezi mpaka akue?" akaniuliza. "Na karatasi yenu inasema hakuna. Mimi nimeonyesha watu wa nyumbani hiyo karatasi. Sasa nifuate daktari ama nifuate nyinyi?"

Nilisimama pale dirishani nikielewa polepole kwamba kilichosimama kati ya mtoto huyu na moyo wake ni saini yangu. Daktari angeweza kusema mpaka akauke koo. Mama alikuwa ameniamini mimi.

Mkubwa wetu alikuwa amesikia kila neno. Mama alipoondoka hakupandisha sauti. Angepandisha ningefurahi, maana ningepata la kujibu.

"Mwalimu, zile sahani ulipika na damu gani?"

Nikamwambia.

"Na yule bakteria wetu wa kuonja alisema nini?"

Nikamwambia kwamba sikumwuliza. Akavaa glavu, akamtoa kwenye barafu, akampaka mwenyewe kwenye sahani yangu moja iliyobaki. Kesho yake asubuhi tuliitoa pamoja. Bakteria tunayemjua, anayeota hata ukimtazama vibaya, alikuwa ameota madoa mawili matatu yaliyodumaa pembeni, na hapakuwa na duara hata moja. Sahani ilibaki nyekundu, nzuri, bubu. Nilihisi aibu ikinipanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Ningelia kama angekuwa mtu mwingine anayenitazama.

"Kijiti cha pili cha msichana kiko kwenye chupa ya kukitunza," akasema. "Kinaweza kungoja mpaka kesho, si zaidi. Wale wengine uliowapima na hizi sahani, orodha ninayo, nitaanza kuwatafuta mimi. Wewe nenda utafute kondoo."

Nilikwenda Ngaremara. Ni karibu, kaskazini kwa lami, na mwendesha boda boda wangu alishangaa kunibeba na sanduku la barafu, sindano kubwa, na chupa ya kioo yenye shanga ndani, iliyofungwa karatasi baada ya kutolewa kwenye mvuke. Nilikuwa namfuata mama mmoja wa Kiturkana ambaye nilikuwa nikinunua makaa kwake kando ya barabara. Ni wa rika langu, na maneno yake ni makali kuliko yangu, ndiyo sababu tulipatana tangu siku ya kwanza. Nyuma ya magunia yake alikuwa na kondoo wake, wale wa kwetu wenye mwili mweupe na kichwa cheusi.

"Ejok," nikamsalimu. Kiturkana changu kinaishia hapo.

"Ejok-noi. Makaa imeisha."

"Sitaki makaa leo. Nataka damu ya kondoo."

Hakushtuka hata kidogo. "Ya kukunywa?"

"Ya kulisha wadudu."

Hapo akaacha alichokuwa anafanya. Ilinibidi nimweleze kila kitu: sahani, kijiti, koo la mtoto, duara. Alisikiliza akiwa ameshika kiuno.

"Kwa hivyo nyinyi mnachunga wadudu," akasema.

"Ndiyo."

"Na mnawapea damu ya kondoo. Ya kutoka wapi?"

"Nairobi."

Alicheka mpaka akajishika kwenye gunia. Akamwita mwendesha boda boda ili na yeye asikie kwamba watu wa Isiolo wanaletewa kondoo kutoka Nairobi, ndani ya barafu. Nilimwacha acheke. Nilistahili.

"Na Nairobi ikinyamaza, mnafanya aje?"

"Nilitoa yangu."

Kicheko kikakatika. Alinitazama mkono, halafu uso. "Ya mtu? Kwani kondoo wameisha?"

Nilitaka kuyamaliza hayo haraka. Nikamwonyesha dume moja lililonona, shingo nene, lililosimama peke yake chini ya kichaka cha mswaki. Nikasema nitalichukua lile, naona lina damu ya kutosha.

"Huyo hapana," akasema. "Huyo nilidunga ile dawa ya manjano juzi, alikuwa anakohoa. Damu yake sasa iko na dawa. Sisi hata tukitoa damu hatugusi mnyama amedungwa, mpaka hiyo dawa iishe kwa mwili." Kisha, kama mtu anayemweleza mtoto: "Si umesema unataka hao wadudu wakue? Ukiwapea damu iko na dawa, watakua aje?"

Nilikuwa nimeshika chupa. Niliiweka chini. Nilikumbuka kapsuli zangu za rangi mbili, kwenye pakiti mfukoni mwa koti, na namna nilivyomeza moja kwa chai asubuhi ileile niliyojifunga mpira mkononi. Nilikuwa nimewatengenezea bakteria wa koo chakula chenye dawa ya kuwaua bakteria wa koo. Tena mwili wangu uliokuwa umetoka kupigana na koo ulikuwa umejaa kingamwili za vita hivyo, zile zinazokamata sumu ya bakteria kabla haijayeyusha seli hata moja. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya maneno ya mkubwa wetu. Nilisomea mambo haya. Niliyafanyia mtihani nikafaulu. Na mama huyu, ambaye hajawahi kukaa darasani, hangefanya kosa langu hata akiwa usingizini, kwa sababu kwake damu ina historia ya mnyama wake na lazima uiulize kwanza.

"Umekuwa nini?" akaniuliza.

"Mimi ndiye huyo dume," nikamwambia. "Nilikuwa nakunywa dawa siku nilipojitoa damu."

Nilidhani atacheka tena. Akasema tu, "Haya, kuja tutafute mwingine," akaingia katikati ya kondoo akiwapapasa migongo.

Alichagua jike ambalo halikuwa na mimba wala halinyonyeshi, na ambalo, alisema, halijawahi kuona sindano tangu kuzaliwa. Aliliweka kati ya magoti yake, akafunga kamba shingoni, akaikaza kidogo, na mshipa ukasimama unene wa kidole. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuutafuta. Nilinyoa manyoya kidogo, nikapangusa kwa spiriti, nikaingiza sindano. Damu ilikuja kwa urahisi. Nilitoa kiasi cha kikombe cha chai, akasema imetosha, akalegeza kamba na kubonyeza pale kwa dole gumba. Kondoo alijitikisa, akatutazama kwa dharau, akarudi kula.

Nikaimimina kwenye chupa na kuanza kuizungusha bila kusimama, shanga zikilia ndani. Damu ikiachwa tu huganda, na ukiichanganya na dawa za kuzuia kuganda nazo huwasumbua bakteria. Ukiizungusha na shanga, zile nyuzi za kugandisha hushika kwenye shanga na damu inabaki maji.

"Hiyo tunajua," akasema akinitazama. "Sisi tunakoroga na kijiti. Nyuzi yote inashika kijiti, unatupa." Akagusa shanga zilizojaa shingoni mwake. "Kumbe mngekuja kuuliza, ningewapea hata hizi."

Nilimwachia sukari na majani ya chai niliyokuwa nimembebea, akayapokea kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa bado umelishika sikio la kondoo. Nilipopanda pikipiki aliniita nirudi. Nilidhani nimesahau kitu. Alitaka kujua mtoto mwenye koo ni wa nani. Nikamwambia ni wa mama fulani anayeuza maziwa ya ngamia. Akasema basi nikipata jibu nimpigie, kwa sababu damu ni ya kondoo wake na ana haki ya kujua imeona nini.

Mchana ule nilipika. Nilichemsha chakula, nikakiacha kipoe mpaka niliweza kuishika chupa shavuni bila kuungua, nikamwaga damu, nikazungusha taratibu ili mapovu yasiingie, nikamimina. Mkubwa wetu alisimama nyuma yangu muda wote. Sahani hazikuwa nzuri kama za kwanza. Moja ilikuwa na povu, nyingine ilikuwa nyembamba upande. Nilimpaka bakteria wa kuonja kwenye moja, na kijiti cha msichana kwenye mbili, nikafunga kabati la joto.

Asubuhi nilifika kabla ya mfagiaji. Nilitoa sahani ya bakteria wa kuonja kwanza, nikainua dirishani. Maduara. Angavu, safi, moja karibu na lingine, mwanga wa jua ukipita ndani yake. Ndipo nikatoa za msichana. Maduara pia. Yule bakteria hakuwa peke yake, kulikuwa na wale wa kawaida wa mdomoni, lakini yeye alikuwa pale, wazi, bila kujificha.

Nilifurahi. Ni aibu kufurahia ugonjwa wa mtoto, lakini nilifurahi mpaka nikampigia mama wa Ngaremara saa hiyohiyo, nikimpigia kelele kwenye simu kwamba kondoo wake ameona. Alisema alijua.

Kisha nikaenda kumwita mama wa msichana. Nilimsimamisha nje ya dirisha la maabara, mimi ndani, na nikamwonyesha sahani ikiwa imefungwa na kubandikwa utepe. Nikaweka na ile ya zamani pembeni yake.

"Hii yenye matundu ya mwanga, ndiyo koo la mtoto wako," nikamwambia. "Huyu mdudu ndiye anayekula hii damu. Yuko."

Alitazama kwa muda mrefu, akiinamisha kichwa huku na huku. "Hii ni damu ya nini?"

"Ya kondoo. Wa Ngaremara."

"Na hii ingine haina matundu?"

"Hiyo ni yangu mimi. Damu ya Nairobi iliisha, nikatoa mkononi mwangu."

Uso wake ukabadilika. Macho yalilainika, akaweka mkono kifuani. "Wewe ulitoa damu yako kwa sababu ya mtoto wangu? Allah akulipe, daktari. Allah akulipe."

Nakiri hapa kwamba palikuwa na nafasi. Ningenyamaza tu. Angeondoka akinibariki, sindano angezikubali kwa sababu matundu ameyaona kwa macho yake, na hakuna mtu ambaye angeumia. Mkubwa wetu alikuwa amesimama nyuma ya darubini akijifanya hasikii.

"Mama, usinishukuru," nikasema. "Hiyo damu yangu ndiyo ilimficha. Nilikuwa natumia dawa, na dawa ilikuwa ndani ya damu, mdudu akashindwa kuota. Tena nilikatazwa kutumia damu ya mtu. Na sikuijaribu kwanza, ingawa ni sheria. Mtoto alikuwa mgonjwa siku ile, na mimi nikaandika si mgonjwa. Kosa ni langu."

Alifungua pembe ya shuka lake, alipofunga fundo la vitu vyake vya maana, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Aliikunjua. Ilikuwa fomu yangu, na saini yangu chini.

"Hii nilifurahi nayo sana," akasema.

Aliipitisha dirishani. Niliipokea na nikashindwa kumtazama.

"Sasa andika ingine," akasema. "Ya ukweli. Niende nayo kwa daktari."

Niliandika, nikaisaini, nikampa. Aliikunja, akaifunga kwenye fundo lile lile, akaenda moja kwa moja kwa daktari, na msichana akaandikiwa sindano za kila mwezi.

Wagonjwa wengine wa orodha mkubwa wetu aliwaita, nikawapima upya. Tangu wakati huo hatungoji sanduku la Nairobi. Yule jike wa Ngaremara na wenzake wawili wamepumzishwa sindano za dawa, kila mmoja na zamu yake, na mwenye kondoo ana daftari lake kichwani la nani ametoa damu lini. Nikienda kabla ya siku anaifukuza pikipiki. Bakteria wa kuonja hupakwa kwanza, hata kama wagonjwa wamejaa mpaka mlangoni.

Msichana amekuwa mrefu, anakaribia kumfikia mama yake. Anakuja kila mwezi, anauma meno, anadungwa, halafu anapita dirishani kwangu kunionyesha kwamba hakulia. Mara ya mwisho daktari alisikiliza moyo wake kwa muda mrefu, akasema unasikika safi kabisa. Mama yake alinijazia kikombe cha maziwa mpaka kikamwagika.

Kuna jambo moja tu ambalo limenibakia. Mama huyo ana ndugu wengi, Merti, Korbesa, kila mahali, na wakileta watoto mjini huwaelekeza kwangu. Mwezi uliopita alifika mwanamke mgeni, mtoto mgongoni, akainama dirishani na kumwuliza mkubwa wetu:

"Salaam aleikum. Mimi natafuta yule daktari alikosea."

Mkubwa wetu alimwitikia salamu vizuri. Kisha akageuka upande wangu, na niliona anajizuia asicheke.

"Mwalimu," akasema, "unatafutwa."

Nikanawa mikono, nikaenda dirishani.